Kukausha Mti wa Uta

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za uta. Lakini si uta uliokwisha kuundwa, wala si mishale yake, wala si mawindo. Twataka kusema habari za mti wenyewe, tangu siku ukatwapo porini hata siku ufungwapo upote kwa mara ya kwanza. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya fundi wa nyuta ni kuchonga tu. Sisi nasi tulidhani hivyo, na dhana hiyo ilitupotezea miti 12, na mtoto mmoja amebaki na kovu juu ya jicho.

Mambo yalikuwa hivi. Katika chuo chetu cha ualimu liko somo la kazi za mikono, na mwaka mmoja tuliazimu kwamba siku ya wazazi wanafunzi wa shule ya mazoezi waonyeshe vitu vya kwao walivyoviunda wenyewe: vinu vidogo, mikeka, vibuyu vilivyotiwa nakshi, na nyuta 12. Chuo kiko katika nchi kavu ya katikati ya Tanzania, si mbali na nchi ya Wasandawe, watu ambao uta kwao ni kitu cha asili tangu kale. Sehemu kubwa ya nchi yao leo imo katika Wilaya ya Chemba, iliyotengwa na Wilaya ya Kondoa mwaka 2012. Na upande wa Kolo, kaskazini yake, yako majabali yenye michoro ya watu wa kale, ambayo mwaka 2006 yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ukiitazama michoro ile kwa makini utaona twiga na pofu, na watu wembamba mno, na baadhi yao wameshika nyuta mikononi. Basi si ajabu kwamba tulipotaka mtu wa kutufundisha tulielekea huko.

Tulimpata mzee mmoja, fundi, naye alitupokea vema. Alitupeleka kwenye korongo lililo nyuma ya mashamba yake, akatuonyesha mikole. Mkole, wengine huuita mkone, si mti mkubwa; aghalabu ni kichaka chenye mashina mengi. Mti wake ni mgumu na wenye nyuzi ndefu, ndiyo maana watu wa nchi nyingi hufanyia nyuta, fimbo, na mipini ya majembe. Lakini mikole ya mzee yule haikuwa kama ile ya porini. Kila alipokata shina aliacha kisiki safi, na kisiki kilipochipua aliondoa machipukizi yaliyopinda, akayaacha mawili au matatu yaliyonyoka. Machipukizi hayo hukua kwa kushindana kuelekea juu, nayo huwa marefu yasiyo na mafundo mengi. Kwa hiyo tulichokiona pale kilikuwa shamba, ingawa mpitaji asingelijua kuwa ni shamba. Alitukatia magongo 12 (nasi tusemapo gongo hatusemi kile kinywaji), akatupa kwa sharti moja: tusiyafunge upote mpaka mvua zije na ziondoke. Tukasema, ndiyo, babu. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na siku ya wazazi ilikuwa imebakia majuma saba.

Yatupasa kusema kweli mbele yenu. Tulipofika chuoni tuliyamenya magongo yote siku ile ile, tukayapanga juu ya mabati ya karakana ili jua liyakaushe upesi. Jua la Oktoba katika nchi ile mwalijua ninyi mkaao huko. Siku ya tatu, tukiwa darasani, tulisikia mlio kama wa mtu anayevunja kijiti, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wanafunzi wakacheka. Tulipopanda kutazama tuliona magongo saba yamepasuka tangu ncha hata karibu na katikati, na ufa umeingia mpaka moyoni mwa mti. Matano yalikuwa mazima, nasi tukafurahi tukiyaona meupe na makavu, tukayachonga. Jioni moja kabla ya siku ya wazazi, kijana wa darasa la sita aliuvuta mmoja wa nyuta zile nao ukavunjika mikononi mwake, na kipande cha juu kikampiga juu ya nyusi. Damu ilikuwa nyingi. Kama kingalishuka kwa upana wa kidole kimoja angalikuwa na jicho moja leo. Nyuta nne zilizobaki hazikuvunjika, walakini zilipokwisha kuvutwa mara chache zilibaki zimepinda hata upote ulipofunguliwa, hazina nguvu ya kurusha mshale hata hatua 20. Tulizitundika ukutani. Wazee waliokuja siku ile walizitazama, wakatabasamu, wakapita kwenye mikeka.

Baadaye tulirudi kwa mzee kumwarifu. Tulimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, akauliza kwanza habari za mtoto. Tulipomwambia kwamba jeraha limepona alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na ile miti iko wapi?" Tukamwambia kwamba tulivunja vipande tukavipeleka jikoni. "Mlivipikia nini?" "Maharagwe, babu." "Yaliiva?" Tukasema yaliiva. Akasema, "Basi, hapo mti ulifanya kazi mliyoutaka ufanye." Hakusema neno jingine la kutulaumu, nasi tuliona afadhali angalisema.

Sasa na tueleze kwa nini miti ile ilipasuka, maana tangu siku ile tumejifunza, kidogo kwa mzee na kidogo kwa vitabu, na tumeona kwamba hawa wawili hawagombani.

Mti umejengwa kwa mirija midogo mno, mfano wa matete membamba yaliyofungwa pamoja na kusimama wima. Maji yaliyomo katika mti mbichi ni ya namna mbili. Mengine yamo ndani ya mirija, kama maji yaliyo ndani ya kata; mengine yamenywewa na kuta za mirija yenyewe, kama maji yaliyoloweka udongo wa mtungi. Mti ukatwapo, maji ya ndani ya mirija hutoka kwanza. Wakati huo gongo hupungua uzito, lakini haliwi jembamba hata kidogo. Maji hayo yakiisha, ndipo kuta nazo huanza kutoa maji yake, na hapo mti huanza kusinyaa. Wenye elimu ya miti wamepima wakaona kwamba badiliko hilo huwa pale maji yanapokuwa sehemu 30 hivi kwa kila sehemu 100 za mti uliokauka kabisa. Kabla ya hapo mti una salama yake. Baada ya hapo ndipo penye hatari.

Hatari yenyewe ni hii. Mti hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu hausinyai ila kidogo sana, hata jicho lisione. Kutoka moyoni kwenda kwenye gome husinyaa zaidi. Lakini kuzunguka, kama pete izungukavyo kidole, husinyaa mara mbili ya hapo hivi. Fikirini basi gongo la mviringo: mzingo wake wataka kupungua sana, na unene wake hautaki kupungua kiasi hicho. Pete imekuwa ndogo na kidole ni kile kile. Lazima pete ipasuke. Na ikiwa gongo limewekwa juani, ngozi yake ya nje hukauka na kusinyaa siku mbili tatu, na huku ndani bado ni maji matupu. Hapo mvutano huzidi, na mlio tuliousikia darasani ndio mwisho wake. Yale matano yaliyoonekana mazima hayakuwa mazima. Mmoja ulikuwa na ufa ndani usioonekana kwa nje, ndio uliompiga kijana wetu. Ile mingine minne ilikuwa mikavu kwa nje tu.

Hapa twapenda kusimama kidogo kwa ajili ya methali moja. Wakati tulipokuwa tukiharakisha kazi, mwalimu mwenzetu alituambia, "Samaki mkunje angali mbichi," akiwa na maana kwamba mti mbichi ndio mwepesi kukunjika, basi kwa nini tungoje? Methali hiyo ni kweli kwa samaki, na ni kweli kwa mtoto; kwa uta si kweli. Samaki akikunjwa hatakiwi arudi. Uta kazi yake yote ni kurudi. Upande wa nje wa uta, uutazamao shabaha, twauita mgongo. Nao huvutwa kila uta upindwapo. Upande wa ndani, umwelekeao mpigaji, ni tumbo, nao hubanwa. Tumbo la mti mbichi likibanwa, kuta za mirija yake hulegea zikafinyika, hazinyoki tena. Kwa macho hutaona jeraha lolote, lakini uta umekwisha kuwa mvivu, na ukiwa mvivu hakuna dawa. Hata ukiukausha baadaye utakauka katika uvivu wake. Hivyo ndivyo zilivyokuwa zile nyuta nne za ukutani.

Basi mzee alifanyaje? Alikata mwezi wa Juni, mvua zilipokwisha na majani ya mikole yalipoanza kupungua, kwa kuwa siku hizo katika nchi ile ni za baridi na jua halina ukali. Huona kwamba gongo likatwalo Juni hupata miezi miwili ya kukauka polepole kabla ya upepo wa moto kuja. Huchagua shina linene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, lisilopinda, lisilojisokota. Na kujisokota hutambua kwa kutazama mistari ya gome: ikienda imenyoka, nyuzi za ndani nazo zimenyoka. Hukata kwa urefu wa kimo chake, tena huongeza shubiri moja kila upande. Shubiri hizo mbili ni sadaka. Ufa huanzia nchani, nao ukija utakula shubiri ile na kuacha uta wenyewe.

Tena kabla hajaondoka porini huziba zile ncha mbili. Yeye hutumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa; akikosa nta hupaka mafuta ya mnyama, na juu yake udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Sisi tulidhani ni mila tu. Kumbe mirija ya mti imefunguka nchani kama mdomo wa chupa, na maji hupita kwa kufuata urefu wa nyuzi upesi mara 10 hata 15 kuliko yapitavyo kwa kuzikata nyuzi. Ncha isiyozibwa hukauka peke yake, ikasinyaa peke yake, ikapasuka. Rangi ya mafuta ya kupakia milango yafaa vile vile, na katika karakana yetu leo ndiyo tuitumiayo, kwa kuwa nta ni ghali.

Magome hayaondoi siku ile. Huyaacha siku kumi au zaidi, gongo likiwa kivulini. Kisha huyaondoa kwa kisu butu, akiparuza, asikate nyuzi za chini yake hata moja, maana hizo ndizo zitakazokuwa mgongo wa uta, na uzi uliokatwa mgongoni ndipo mahali ambapo uta utavunjikia. Baada ya hapo hupunguza gongo kwa tezo upande wa tumbo na upande wa mbavu, lipate umbo la uta, ila nene kuliko uta. Jambo hili la kuchonga kabla ya kukausha lilitushangaza, lakini sababu yake ni nyepesi: mti mwembamba hukauka ndani na nje karibu kwa mwendo mmoja, nao haupasuki ovyo kama mnene. Ni vema tu kukumbuka kwamba kuchonga si kupinda. Gongo lililochongwa likiwa bichi lisijaribiwe hata mara moja, hata kwa mzaha, hata na watoto. Na watoto ndio wapendao kulijaribu.

Kisha hulifunga gongo kwa kamba za ukindu juu ya ubao ulionyoka, penye mafungo matano au sita, lisije likajikunja likikauka, akalilaza kivulini mahali pepo zipitapo, juu ya vijiti, lisiguse ardhi. Ardhi ina mambo mawili mabaya: unyevu na mchwa. Baada ya mwezi mmoja au miwili hulipandisha darini, juu ya jiko. Hapo moshi hulipata kila siku asubuhi na jioni, na wadudu wa kupekecha miti hawapendi moshi. Mwajua unga ule mwembamba uangukao chini ya kiti cha zamani; ni kazi ya wadudu hao, nao hupenda sana ule mti mweupe wa nje, kwa kuwa una wanga. Uta uliopekechwa hauonyeshi ila vitundu kama vya sindano, lakini ndani ni maganda matupu. Twawaonya tena juu ya jiko: gongo bichi lisipelekwe darini siku ya kwanza. Joto la jiko si adui kama jua la Oktoba, lakini kwa gongo lenye maji tele ni ndugu yake.

Sasa twafika kwenye swali ambalo wanafunzi hutuuliza daima: nitajuaje kwamba limekauka? Mzee alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kugonga gongo kwa fundo la kidole: likiwa bichi hulia kama mlango uliolowa mvua, na likikauka hulia wazi, kama ngoma iliyowambwa vema. Njia ya pili ni kuliweka shavuni. Gongo lenye maji ni la baridi, hata siku ya joto, kwa sababu maji yanayotoka huchukua joto pamoja nayo, kama mtungi wa maji upoavyo kivulini. Gongo kavu halina baridi hiyo.

Sisi tulikuwa na mizani ya maabara, tukataka kuona kama shavu la mzee husema kweli. Njia yetu ni hii, nayo shule yo yote yenye mizani yaweza kuifuata. Kata kipande kidogo cha mti ule ule, kwenye ile shubiri ya sadaka lakini si nchani kabisa, ukipime. Tuseme kina gramu 60. Kitie katika joko dogo lenye joto la nyuzi 103, ukikipima tena na tena hata kisipungue. Tuseme kimebaki gramu 40. Basi maji yalikuwa gramu 20, yaani sehemu 50 kwa kila 100 za mti mkavu. Kipande kama hicho kikiwa na gramu 52, kimefika pale penye sehemu 30, nako kusinyaa kwaanza. Na kikiwa na gramu 44, maji ni sehemu 10 kwa 100, nao ni ukavu mwema kwa uta. Ukavu wa sehemu 8 hata 12 ndio utakiwao. Ukizidi 12 uta huelekea uvivu. Ukipungua chini ya 6 mti huwa kama kigae, hupasuka bila kuonya. Na shule isiyo na joko, na ipime gongo zima kila juma, na kuandika uzito wake kwa chaki juu ya mlango. Uzito ukikaa pale pale majuma manne mfululizo, gongo limetoa maji yote ambayo hewa ya mahali pale yaweza kuyachukua.

Tulimletea mzee magongo sita bila kumwambia uzito wake. Aliyaweka shavuni moja moja, akayatenga mawili upande huu na manne upande huu. Mizani yetu ilikuwa imeyatenga vivyo hivyo. Hakuonyesha kustaajabu; aliuliza tu bei ya mizani.

Tumesema "hewa ya mahali pale", na neno hili lina maana. Mti haukauki ukaisha. Hunywa na kutoa maji maisha yake yote, kwa kadiri ya unyevu wa hewa. Hewa ikiwa na nusu ya unyevu iwezayo kuubeba, mti hukaa na maji sehemu 9 hivi kwa 100. Unyevu ukiwa sehemu 80 kwa 100, kama ilivyo siku nyingi huko pwani, mti hukaa na sehemu 16. Kwa hiyo ndugu zetu wa Tanga na Pemba wanaopenda kuunda uta wasitosheke na kivuli cha ukumbini. Sharti wamalizie kazi darini juu ya jiko. Na mtu akiunda uta pwani akauchukua Dodoma wakati wa kiangazi, auache upumzike majuma kadhaa kabla ya kuuvuta, akijua kwamba utakuwa mkali zaidi na mwepesi zaidi kuvunjika. Wakati wa masika uta wa Dodoma nao hulegea. Wenyewe husema umechoka.

Kazi ya moto tutaipitia upesi, kwa kuwa mtu hujifunza kwa macho kuliko kwa masikio. Gongo kavu lililopinda mahali hunyoshwa juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, likiwa limepakwa mafuta lisiungue, likigeuzwa-geuzwa mpaka mkono usivumilie kulishika. Ndipo hubanwa katika panda ya mti, na kushikwa hata lipoe kabisa. Moto huo hulikausha kupita kiasi, basi liache siku nne au tano linywe tena hewa kabla ya kulipinda. Baada ya hapo ni kupunguza tumbo kwa kisu, kidogo kidogo, na kutazama ncha zote mbili zikipinda sawa. Penye ugumu hupunguzwa, penye ulegevu huachwa. Usiuvute kupita pale unapoona kosa, lirekebishe kwanza. Usiachie upote bila mshale, maana nguvu ambayo mshale ungaliichukua itarudi katika mti. Kulainisha ni kwa majani ya msasa, nayo mwayajua, na mwisho ni mafuta, yaingie polepole, yauzuie mti kunywa na kutoa maji kwa ghafula.

Mwaka 1991, katika milima ya barafu iliyo mpakani mwa Austria na Italia, ilionekana maiti ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na karibu naye uta mrefu wa mita 1.82 ambao haujakwisha. Alama za shoka zingali zikionekana juu yake. Tulipowasomea wanafunzi habari hizi, kijana mwenye kovu aliuliza kama mti ule ulikuwa mkavu alipokuwa akiuchonga. Tulifurahi kwa swali lake kuliko jibu lo lote ambalo tungaliweza kumpa.

Twawakumbusha tu kwamba sisi twafundisha kuunda, hatufundishi kuwinda. Mnyama wa porini analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu haruhusiwi kumwinda bila kibali, kwa bunduki wala kwa uta. Shabaha yetu chuoni ni gunia lililojazwa majani makavu.

Tumalizie habari za mzee. Siku ile tulipokwenda kumwarifu juu ya maharagwe, tulipoaga, alipanda darini akashuka na gongo moja, jeusi kwa masizi, limefungwa juu ya ubao. Alisema alilikata kwa ajili ya mjukuu wake, naye mjukuu amekwenda Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa nne. Alilipangusa kwa kiganja, akaliweka shavuni, kisha akatukabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, huu umekauka. Mkiuharibu huu, msiseme ni maji."

Tulilipima kila juma mwezi mzima. Halikupungua wala halikuongezeka gramu moja. Kazi ya kuchonga tulimpa yule kijana mwenye kovu, nasi tulikaa karibu naye tukizuia mikono yetu isimsaidie. Ilimchukua muhula mzima. Mzee alikuja chuoni kuutazama uta ule. Aliuvuta mpaka kifuani, akauachia polepole, akafungua upote, akauinua usawa wa jicho kuona kama umenyoka. Ulikuwa umenyoka. Akauliza, "Mna mingine?"

Tukampeleka jikoni, tukamwonyesha juu ya dari magongo kumi ya mikole, tuliyoyakata mwezi wa Juni kutoka visiki vile vile alivyovitunza yeye, kila moja na tarehe yake kwa chaki. Aliyagonga yote, akarudi kwenye la saba. Nchani mwake pana ufa mdogo, urefu wa kidole, ndani ya ile shubiri ya sadaka. Tumeupaka nta, na kila Jumamosi twaupima kwa uzi. Hata leo haujavuka alama.